Gari Kongwe, Gesi Mpya: Kiyoyozi katika Nyanda za Karagwe na Kyerwa

Mtu wa Tanga au wa Dar es Salaam asikiapo kwamba mwenye gari wa Kayanga, wilayani Karagwe, anatafuta fundi wa kumtengenezea kiyoyozi, hana budi kucheka kidogo, kwa kuwa Karagwe na Kyerwa ni nchi za vilima zilizoinuka, sehemu yake kubwa, kati ya mita 1,200 na 1,800 juu ya usawa wa bahari, ambako alfajiri watu huvaa makoti na joto la adhuhuri aghalabu hukaribiana na lile la usiku wa Januari mjini Dar es Salaam. Kicheko hicho kina sababu, lakini hakina haki. Huko juu kiyoyozi hakitafutwi kwa ajili ya joto. Hutafutwa kwa ajili ya vumbi na ukungu. Dereva ashikaye njia ya Murongo wakati wa kiangazi, nyuma ya lori la kahawa, akiwa na vioo vilivyofunguliwa, hufika mpakani nywele, nyusi na karatasi zake zimegeuka rangi ya udongo. Na dereva yuyo huyo, mvua za masika zikishuka juu ya vilima vya Kaisho, huona kioo cha mbele kikifunikwa na ukungu wa pumzi za abiria, akawa anafuta kwa kitambaa kwa mkono mmoja na kushika usukani kwa mkono wa pili, kwenye kona ambazo mikono miwili haitoshi. Kiyoyozi kizima hufunga vumbi nje na kukausha hewa ya ndani. Ubaridi ni ziada.

Hoja hii nimeitanguliza kwa makusudi, maana ndiyo mizani ya yote yatakayofuata: maadamu kazi inayotakiwa ni kukausha hewa na wala si kugandisha miguu, kulibadili gari la zamani kutoka gesi ya R12 kwenda gesi ya R134a katika wilaya hizi mbili ni jambo jepesi kuliko pwani, ila kwa masharti kwamba fundi aelewe nchi aliyomo, na mwenye gari asishawishike kwa njia ya mkato.

Magari yanayohusika si mengi, wala si yale ambayo wengi huyadhania. Michomoko na Noah zinazopakia abiria Omurushaka hazimo, kwa kuwa zilitoka kiwandani zikiwa na gesi ya 134. Yanayohusika ni yale yaliyoundwa kabla ya miaka ya 1992 hadi 1994, wakati viwanda vya Japani, Ulaya na Marekani vilipohama kutoka gesi moja kwenda nyingine: Land Cruiser za kale za misheni na za vyama vya ushirika, Land Rover ambazo mwenyewe hakubali kuziuza hata kwa dhahabu, Corolla na Mercedes za watumishi waliokwisha kustaafu. Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililozidi miaka minane, na Uganda ilipiga marufuku yaliyozidi miaka kumi na mitano tangu 2018, ilhali Tanzania hutoza ushuru wa uchakavu na kuliacha gari lipite. Basi si ajabu gari la umri wa mjukuu mwenye watoto likaonekana bado linapanda kilima cha Nkwenda likiwa na mzigo. Kulitambua ni rahisi: nipeli za kujazia gesi ya R12 zina nyuzi za skrubu, ilhali za R134a ni laini, hupokea mpira kwa kubana, na ile ya upande wa shinikizo kubwa ni pana kuliko ile ya upande wa shinikizo dogo, ili mtu asikosee hata gizani.

Gesi ya R12 haikuzaliwa kuwa adui. Thomas Midgley na wenzake waliibuni mwaka 1928 huko Marekani, wakati majokofu yalipokuwa yakitumia amonia na dioksidi ya salfa, vitu ambavyo vikivuja usiku huua waliolala. Na wao wakaleta gesi isiyowaka, isiyonuka, isiyodhuru pumzi. Kasoro yake ilifichika ndani ya uthabiti wake, kwani kitu kisichooza hakiishii njiani, na mwaka 1974 Mario Molina na Sherwood Rowland wakaeleza kwamba gesi za namna hii hupaa hadi tabaka la juu la hewa, zikavunjwa na miali ya jua, na klorini yake ikala ozoni inayotukinga. Ulimwengu uliafikiana mkataba wa kuzidhibiti mjini Montreal tarehe 16 Septemba 1987. Tanzania ikaingia katika mkataba huo mwaka 1993. Na tarehe 1 Januari 2010 mlango ukafungwa kwa nchi zinazoendelea nazo, zisizalishe wala kununua tena gesi za jamii ya R12. Tangu hapo, anayekuambia kwamba ana mtungi wa R12 halisi ama ana salio la kale sana, ama hasemi kweli.

Sasa tuingie gereji. Watu wengi, na mafundi wengine miongoni mwao, hudhani kwamba kubadili gesi ni kutoa hii na kutia ile, kumbe gesi ndiyo sehemu ndogo ya kazi. Tofauti iletayo madhara imo katika oili. Kompresa haina tangi lake la oili kama injini. Oili yake husafiri pamoja na gesi katika mzunguko mzima, ikatoka kwenye kompresa, ikapita kondensa iliyo mbele ya rejeta, ikapita draya na ile vali ndogo ya kupunguza shinikizo, ikaingia evapoleta iliyofichwa nyuma ya dashibodi, ndipo ikarudi kulainisha vyuma ilikotoka. Oili ya madini iliyotumika na R12 huyeyuka ndani ya R12 na kusafiri nayo kwa raha. Ndani ya R134a haiyeyuki. Basi ukijaza gesi mpya juu ya oili ya zamani, kiyoyozi kitapoza siku hiyo na utamlipa fundi kwa furaha, lakini oili itatuama chini ya evapoleta na kwenye kona za mabomba isirudi, na kompresa itazunguka kavu hadi ijisage na kutawanya unga wa chuma mwili mzima. Walio wengi kati ya wanaosema kwamba gesi ya 134 imewaulia kompresa wameuliwa na oili.

Oili za gesi mpya ni za namna mbili zijulikanazo: PAG, ambayo viwanda huitia katika magari mapya, na oili ya esta. Kwa gari linalobadilishwa mimi huchagua esta bila kusita, kwa kuwa inastahimili mabaki ya oili ya madini na ya klorini ambayo hayakosekani hata ukisafisha namna gani, ilhali PAG huharibiwa nayo. Fauka ya hayo, PAG hunywa unyevu wa hewa kwa pupa; kopo lililofunguliwa asubuhi ya mvua mjini Kayanga na kuachwa mezani hadi jioni halifai tena, hata kama macho hayaoni tofauti yoyote. Kompresa ifunguliwe kutoka kwenye injini, igeuzwe, imwagwe oili yote kwenye chombo chenye vipimo huku ikizungushwa kwa mkono, kisha irudishiwe kiasi kile kile cha esta kilichoelekezwa kwa kompresa hiyo. Kompresa za Nippondenso zilizofungwa kwenye Toyota nyingi za wakati ule ni imara, na zikitendewa hivi hudumu.

Kabla ya hayo yote, yatazamwe mabomba, na hapa udongo wa Karagwe unamsaidia fundi kuliko taa yoyote ya kisasa. Gesi ikivuja huvuja pamoja na oili kidogo, na oili hushika vumbi. Kwa hiyo kwenye gari lililokaa miaka katika njia za changarawe, ukifungua boneti na kutazama viungo vya mabomba ya kiyoyozi kimoja baada ya kimoja, utaona vingine vina vumbi jepesi linalopukutika kwa kupulizwa, na kimoja au viwili vimevaa tope jeusi-jekundu, zito, linalonata kidoleni. Hapo ndipo gesi ilipotokea. Mipira ya duara ya viungo hivyo itolewe yote, hata ile isiyovuja, na ibadilishwe kwa ile iliyokusudiwa R134a, ambayo kwa kawaida huwa ya rangi ya kijani. Bei yake ni ndogo mno kulinganisha na kazi ya kufungua mara ya pili. Mabomba ya mpira yenyewe ni suala la hukumu. Chembe za R134a ni ndogo na hupenya mpira wa kale kuliko zilivyopenya za R12, lakini bomba lililolowa oili ya madini kwa miaka mingi huwa limejitengenezea utando unaozuia. Kwa hiyo bomba lisilo na nyufa sioni haja ya kulitupa, na lililopasuka libadilishwe bila huruma. Draya haina mjadala: ya zamani imekwisha kushiba maji, nayo ibadilishwe.

Usafishaji wa ndani ni mahali ambapo nimeona mambo ya kusikitisha. Wapo wanaopitisha petroli ndani ya kondensa, petroli ikaacha mabaki yanayokula mipira mipya. Na wapo wanaopima uvujaji kwa kujaza upepo wa pampu ya matairi, upepo wenye maji na oili, na ambao, ukichanganyika na R134a chini ya shinikizo, waweza kuwaka. Kupima uvujaji ni kwa naitrojeni kavu na povu la sabuni. Na naitrojeni isipopatikana Kayanga, afadhali kungoja hadi mtungi uletwe kutoka Bukoba kuliko kuhatarisha uso wa fundi.

Nafika sasa mahali ambapo vitabu vya mafunzo, vilivyoandikwa aghalabu na watu wa mabondeni, humwacha mkono fundi wa milimani. Baada ya kufunga kila kitu, mfumo hunyonywa hewa kwa vakyumu pampu hadi ubaki mtupu, na kitabu husema sindano ya geji ishuke hadi inchi 29 za zebaki chini ya sufuri. Geji, hata hivyo, haipimi utupu wenyewe. Hupima tofauti kati ya hewa iliyo nje na ile iliyo ndani, na hewa iliyo nje si sawa kila mahali. Usawa wa bahari hewa ina uzito wa karibu inchi 29.9 za zebaki, nayo hupungua takribani inchi moja kwa kila mita 300 unazopanda, hata kwenye kimo cha mita 1,500 ikabaki kama inchi 25. Basi fundi wa Karagwe, hata angekuwa na pampu bora kuliko zote duniani na mfumo usiotoboka hata tundu la sindano, hataona geji yake ikipita 25, kwa kuwa hakuna hewa zaidi ya hiyo ya kuisukuma. Fundi aliyefunzwa pwani hapa hulaumu pampu, akatumia mchana kutwa kutafuta tundu ambalo halipo; na aliyekwisha kuzoea kuona sindano ikisimama njiani huja siku moja akaiona imesimama kwenye 21, akasema ni kawaida ya milimani, ilhali safari hiyo tundu lipo kweli. Dawa ni kuijua hesabu ya mahali pako, kuiandika kwa rangi kwenye ukuta wa gereji, na kuitumia.

Hesabu hiyo ina mkia wake. Kunyonya si kutoa hewa tu, ni kuchemsha maji yaliyobaki ndani ili yatoke kama mvuke, na maji yenye joto la nyuzi 25 hayachemki mpaka utupu ufike ndani ya inchi moja ya utupu kamili, yaani geji ya Kayanga isomeke 24 na ushei. Nayo yakiwa na nyuzi 15 tu, kama ilivyo asubuhi nyingi huko, yataka utupu mkali zaidi, ndani ya nusu inchi. Kwa hiyo injini na iwashwe kwanza hadi chumba chake kipate joto, ndipo pampu ifungwe na kuachwa ikifanya kazi si chini ya dakika 45. Kisha vali zifungwe, pampu izimwe, na sindano itazamwe robo saa nzima. Ikipanda, kuna tundu au kuna maji. Unyevu ukibaki huganda kwenye ile vali ndogo na kuziba njia, na pia huunda asidi inayokula aluminiamu taratibu.

Kujaza kuwe kwa mizani. Mafundi wa R12 walizoea kutazama povu katika kidirisha cha draya na kuendelea kutia gesi mpaka povu liishe. Kanuni hiyo ilikuwa ya haki kwa R12, lakini kwa R134a povu huweza kuonekana hata mfumo ukiwa umejaa kamili, na anayelifukuza povu huishia kujaza kupita kiasi. Kibandiko kilicho chini ya boneti hutaja uzito wa R12 uliotakiwa, na hata kama maandishi yake ni ya Kijapani tarakimu husomeka; tia kati ya asilimia 80 na 90 ya uzito huo. Iliyoandikwa gramu 900 itiwe gramu 720 hadi 800 hivi, kisha usimame.

Na ni katika shinikizo kwamba nchi ya juu hutoa zawadi yake. Gesi hizi mbili zinakaribiana, lakini kadiri joto linavyopanda R134a huipita mwenzake: kwenye nyuzi sufuri geji ya usawa wa bahari husoma karibu paundi 30 kwa R12 na 28 kwa R134a, kwenye nyuzi 45 husoma kama 142 kwa 154, na kwenye nyuzi 60 hufika 205 kwa 230. Kondensa ya gari la Dar es Salaam lililokwama kwenye foleni jua la utosi hufanya kazi karibu na hesabu hizo za mwisho, na ndiyo maana huko gari lililobadilishwa hulalamikiwa kwamba halipoi, likahitaji kondensa kubwa na feni ya ziada. Gari la Karagwe, likipigwa na hewa ya nyuzi 24, hukaa karibu na hesabu za kati, na kondensa yake ya kale yatosha, ikiwa tu imeoshwa. Maana ni kweli kwamba hewa nyepesi ya milimani hubeba joto kidogo pungufu, na vumbi lililogandamana kati ya mapezi ya kondensa huongeza udhia. Maji ya bomba yasiyo na nguvu nyingi, kutoka upande wa injini kuelekea mbele, hufanya kazi kubwa kuliko vipuri. Kitu kimoja ningependa kiongezwe kwenye magari yasiyo nacho: swichi ya kuzima kompresa shinikizo likizidi, kwa sababu magari mengi ya zama zile yalikuwa na vali ya kumwaga gesi hewani tu, na ikisha kumwagika imepotea.

Nisikilizwe vizuri juu ya njia za mkato, maana hapa sina upole. Wapo wanaojaza gesi ya jikoni kutoka mtungi wa kupikia, na ukweli ni kwamba hupoza, tena hupoza sana, na huchanganyika na oili ya zamani bila shida. Lakini evapoleta imo ndani ya chumba wanamokaa abiria, na gesi hiyo ikivuja vioo vikiwa vimefungwa dhidi ya vumbi, cheche moja ya kiberiti au ya swichi yatosha. Jokofu la nyumbani lililoundwa kwa gesi ziwakazo lina gramu chache, nalo halipigwi na mashimo ya barabara; gari si jokofu. Wengine hutia R22 iliyokusudiwa viyoyozi vya majumba, ambayo kwenye nyuzi 60 hufika karibu paundi 340 na kupasua mabomba. Na iko hatari ya tatu isiyoonekana, mitungi bandia: mwaka 2011 huko Vietnam na Brazil wafanyakazi waliuawa na mashine za makontena ya baridi zilizokuwa zimejazwa kitu kilichouzwa kwa jina la R134a, kumbe ndani mlikuwa na R40, ambayo ikikutana na aluminiamu huzaa kitu kinacholipuka kikiguswa na hewa. Kondensa na evapoleta nyingi za magari ni za aluminiamu. Anayenunua mtungi wa bei ya chini sana sokoni, bila stakabadhi, na alijue hilo.

Huenda msomaji akauliza kwa nini ahangaike kuhamia gesi ambayo nayo inasemwa. Ni kweli kwamba R134a haigusi ozoni, lakini gramu yake moja hupasha dunia joto zaidi ya mara elfu moja kuliko gramu ya hewa ya ukaa, ingawa R12 ilifika mara elfu kumi. Na ni ng'ambo ya mto Kagera, mjini Kigali, tarehe 15 Oktoba 2016, ambako mataifa yaliafikiana kuipunguza nayo. Ratiba iliyowekewa nchi nyingi za Afrika huanza kwa kusimamisha ongezeko mwaka 2024, ikapunguza asilimia 10 mwaka 2029, 30 mwaka 2035, 50 mwaka 2040 na 80 mwaka 2045. Kwa hiyo R134a itakuwapo madukani muda mrefu kuliko uhai uliobaki wa Land Cruiser ya mwaka 1988. Ile R1234yf ya magari mapya ya Ulaya, iliyoenea huko tangu 2017, ni ghali, huwaka kidogo, na haikukusudiwa kutiwa katika gari la kale. Anayekushauri kuruka moja kwa moja hadi huko anakuuzia fahari.

Yako pia magari ambayo nisingeyagusa. Kompresa iliyokwisha kujisaga, ikatoa unga wa kijivu kwenye oili, inadai kompresa nyingine, kondensa nyingine na usafishaji wa kila bomba, na gharama hiyo kwa gari linalokwenda shambani na kurudi ni israfu. Mwenye gari huyo anunue mipira mipya ya milango izuie vumbi, na ahakikishe kipasha joto cha kioo cha mbele kinafanya kazi, atakuwa amepata nusu ya alichokitaka. Kadhalika gari ambalo R12 yake bado imo na inapoza, liachwe kama lilivyo hadi litakapovuja lenyewe au kuhitaji kufunguliwa. Na siku hiyo gesi iliyobaki ivutwe kwa mashine ya kukusanyia, isiachiliwe ikaenda angani, kwa kuwa R12 hudumu huko yapata karne nzima.

Kazi ikisha, nipeli za kale zifungwe vipokeo vya R134a vya kudumu, na chini ya boneti kuandikwe kwa rangi isiyofutika: gesi ya 134, uzito wake, oili ya esta, na tarehe. Magari ya Kyerwa huvuka Murongo kwenda Kikagati na Mbarara, na ya Karagwe hushuka Kyaka kwenda Bukoba na Mutukula. Fundi wa huko atakayelifungua hatakuwa na wa kumwuliza.